Elimu ya Amani na Dhamana ya Msuluhishi

Msafiri afikaye Makambako hukutana na njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huupita mji huu ikielekea Mbeya na mpaka wa Zambia. Nyingine huchepuka kusini kwenda Njombe na hatimaye Songea. Nayo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake papa hapa. Kwa mtazamo wa haraka, Makambako ni mahali pa kubadilisha gari, kula chakula na kuendelea na safari. Lakini mwenye kuifahamu historia ya nchi yetu ataona jambo jingine. Akigeuka kaskazini-mashariki, barabara itampeleka Iringa, na karibu na Iringa ipo Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Akishika ile ya kusini atafika Songea, waliponyongwa mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Na akiitazama reli, ataiona njia iliyojengwa ili Zambia isilazimike kupitisha mizigo yake katika nchi zilizokuwa mikononi mwa walowezi na wakoloni. Hivyo njia zote za Makambako zina habari za mapambano, na zina pia habari za amani iliyotafutwa baada ya mapambano.

Tumeanza na njia panda hii kwa sababu swali tunalotaka kulijadili nalo limesimama penye njia panda. Wapo vijana wetu ambao, wakiisha kupata shahada ya kwanza, hutamani kusomea shahada ya uzamili katika usuluhishi wa migogoro ya kimataifa na ujenzi wa amani. Jamaa zao wanaweza kushangaa. Udaktari wanaujua, uhandisi wanaujua, ualimu wanaujua. Lakini je, amani nayo husomewa? Hilo ni swali la kwanza, nalo ni la elimu. Nyuma yake lipo la pili ambalo ni la maadili, na ndilo zito zaidi: mtu aliyefundishwa darasani namna ya kupatanisha mataifa, amepata kwa sababu hiyo haki ya kuketi kati ya watu wanaouana na kuwashauri namna ya kuishi? Kama hakuipata hapo, basi haki hiyo hutoka wapi?

Yafaa kwanza tulifahamu somo lenyewe. Vyuo vya dunia vimefundisha sanaa ya vita kwa muda mrefu sana, lakini elimu ya amani kama taaluma inayojitegemea ni changa. Mwaka 1959 Johan Galtung, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Norway, aliongoza kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo. Chuo Kikuu cha Bradford, huko Uingereza, kilifungua idara ya elimu ya amani mwaka 1973, na profesa wake wa kwanza, Adam Curle, alikuwa amekwisha kushiriki katika juhudi za kupatanisha pande mbili za vita vya Nigeria na Biafra. Mwaka 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica. Hapa kwetu, Tanzania na Msumbiji zilianzisha kwa ubia, mwaka 1978, Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa, Kurasini, Dar es Salaam, ili kuwaandaa wanadiplomasia wakati ambapo Kusini mwa Afrika kulikuwa bado kunapigania ukombozi.

Mambo yafundishwayo katika taaluma hii si maneno matupu. Mwanafunzi huelekezwa kutofautisha chanzo cha mgogoro na dalili zake. Huonyeshwa kwamba mgomvi ana msimamo anaoutangaza na ana haja anayoificha, na kwamba misimamo miwili isiyopatana yaweza kuwa na haja mbili zinazopatana. Hufundishwa pia kwamba amani ni ya namna mbili. Ipo amani ya kunyamaza kwa bunduki tu, na ipo amani ya haki, ambayo huondoa dhuluma iliyowafanya watu wazishike hizo bunduki. Tofauti hiyo, ambayo Galtung aliifafanua katika miaka ya 1960, imekuwa mojawapo ya misingi ya somo lote.

Mtu aweza kutujibu kwamba hayo yote wazee wetu waliyajua bila ya kwenda ng'ambo. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Tuchukue mfano wa ndugu wawili katika kijiji cha Nyanda za Juu Kusini, wanaogombania mfereji upelekao maji katika vinyungu vyao bondeni. Mmoja asema mfereji ni wake kwa kuwa aliuchimba. Wa pili asema ni wake kwa kuwa unapita penye shamba la urithi wake. Wazee wenye busara wakiketi nao hawataanza kwa kutafuta mkosaji. Watawaacha waseme mpaka wamalize, hata kama maneno yatarudi nyuma miaka ishirini, kwenye mali ya marehemu baba yao na matamshi yaliyotamkwa msibani. Wanafanya hivyo kwa kuwa wanafahamu kwamba mfereji ni jina tu la ugomvi, na kwamba haja ya wote wawili ni maji wakati wa kiangazi na heshima mbele ya ukoo. Shauri likiisha, hatangazwi mshindi. Ndugu hao watakunywa ulanzi pamoja, na kesho wataishi upande huu na upande ule wa mfereji mmoja.

Busara hiyo haikubaki katika masimulizi tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka utaratibu wa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, ambao kati yao wanawake hawapaswi kupungua 3. Na kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Kwa maneno mengine, taifa letu limekubali kwamba kuketi na kusemezana ni chombo halali cha kutafuta haki.

Hata hivyo, tusiisifu jana kupita kiasi. Wazee wale walikuwa na uwezo mkubwa wa kupatanisha watu wanywao maji ya chemchemi moja na kuzika katika makaburi mamoja. Walipokutana na watu wasioshirikiana nao chemchemi wala makaburi, uwezo huo ulipungua sana. Kati ya mwaka 1878 na 1882 hivi, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali, na nchi ya Wabena iliyokuwa kati yao haikusalimika. Aidha, baraza la kale lilikuwa kwa kawaida la wanaume. Mwanamke na kijana walisemewa na wengine. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1999 ililazimika kutaja idadi ya wanawake. Tena, mara nyingine utulivu wa ukoo ulinunuliwa kwa hasara ya mnyonge: mjane aliambiwa aachie shamba ili ndugu wa mume wasigombane, na kunyamaza kwake kukaitwa amani. Kwa hiyo swali si kama tuchague wazee au tuchague chuo kikuu. Swali ni kitu gani kiliwapa wazee kibali cha kusuluhisha, na kama kitu hicho chaweza kupatikana kwa mtu aliyetoka chuoni kwenda kusuluhisha watu wa mbali.

Desturi ya utani yatusaidia kulijibu swali hili. Ni jambo linalojulikana sana nchini kwamba makabila mengi yaliyowahi kupigana yalikuja kuwa watani, kama Wangoni na Wahehe. Mtani huja msibani akafanya mzaha pasipo pa mzaha, akachukua kitu bila kuomba, akamkumbusha mwenziwe namna babu yake alivyokimbia vitani. Naye aliyeambiwa hacharuki, bali hucheka na kujibu. Watu wa nje wanaweza kuudhani ni mchezo mtupu. La hasha. Katika utani habari ya vita haifutwi, ila hunyang'anywa sumu yake. Na pamoja na mzaha, mtani ana wajibu: husaidia mazishi, hupatanisha waliokosana ndani ya nyumba ya mtani wake, husema ukweli ambao ndugu wa damu wanaogopa kuusema. Yeye si ndugu, na si mgeni. Ni mtu wa upande wa pili ambaye amekubali kuendelea kuwapo.

Hapo ndipo tunaona jambo kubwa. Utani ulizaliwa kati ya watu waliopigana kisha wakabaki karibu, wakaoana, wakauziana na kuzikana. Kati ya Wangoni na Wajerumani haukuzaliwa utani. Tofauti haikuwa wingi wa damu iliyomwagika peke yake. Mmoja alimwaga damu kisha akaondoka, wala hakurudi kuwalilia wafu.

Tuigeukie Kalenga. Tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yalikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi wakaiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka alipojiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yaliyoshinda yaliandika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kifungu cha 246 cha mkataba huo kikaiagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi 6. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirejeshwa Kalenga mwezi Juni 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Miezi 6 ilikuwa imegeuka miaka 35.

Kisa hiki ni darasa kamili la usuluhishi wa kimataifa. Mkataba wa Versailles ulitungwa na watu waliosoma sana: wanasheria, wanahistoria, mabalozi. Ulilitaja jambo la Wahehe kwa jina. Lakini hapakuwa na Mhehe hata mmoja katika meza ile, na mkataba huo huo uliiondoa nchi yetu katika mikono ya mkoloni mmoja, ikaishia katika mikono ya mwingine, bila wenyewe kuulizwa. Walioandika kifungu kile hawakuwa na la kupoteza iwapo kisingetekelezwa. Hakuna aliyerudi Kalenga mwaka 1920 kueleza kwa nini muda umepita. Uzuri wa maandishi haukuwa na mdhamini, na kwa hiyo ahadi ililala miaka yote ile.

Sasa tushike njia ya kusini. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilifika Ungoni na Ubena mwezi Septemba mwaka huo, na misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ikashambuliwa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo na njaa yake huanzia watu 75,000 hadi 300,000. Mjini Songea, mwaka 1906, makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa, na miongoni mwa waliouawa ni Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo unabeba jina lake. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na kizazi cha Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yale waliyotendewa wazee wao. Aliahidi pia kusaidia kutafutwa kwa kichwa cha Songea, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa hakijapatikana.

Ilikuwa imepita miaka 117. Mtu aweza kuuliza: baada ya muda huo wote, palikuwa na nini cha kusuluhisha? Wahenga walikwisha kujibu waliposema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyekuja Songea hakuwa amemnyonga mtu, na walioombwa msamaha hawakuwa wamenyongwa. Hata hivyo kuja kwake kulikuwa na uzito, kwa sababu alikubali kusimama mahali pale pale na kubeba jina la waliotenda. Thamani kamili ya ujio ule itapimwa kwa ahadi aliyoiacha. Wasuluhishi na waomba msamaha wote wako chini ya mizani hiyo.

Kutoka kwenye makovu ya zamani, tuje kwenye migogoro ya majirani zetu, ambamo taifa letu lenyewe lilishiriki kama msuluhishi. Mji wa Arusha umeshuhudia mikataba miwili mikubwa. Wa kwanza ni ule wa Rwanda, uliotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Kwa msomi, mkataba huo ulikuwa kazi nzuri: ulikuwa na itifaki za utawala wa sheria, mgawanyo wa madaraka, kurudi kwa wakimbizi na kuunganishwa kwa majeshi. Lakini usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa huko walikaribia 2,500. Tarehe 21 Aprili, watu wakiwa wanachinjwa, Baraza la Usalama liliamua kikosi hicho kipunguzwe hadi watu 270. Waliokuwa na wajibu wa kuusimamia mkataba walikuwa na mahali pa kwenda. Wenyeji hawakuwa napo. Hatusemi kwamba kuondoka huko ndiko kulikosababisha mauaji. Waliyoyapanga na kuyatenda ndio wenye hatia. Twasema tu kwamba dhamana iliyotolewa ilirudishwa mfukoni siku ile ile ilipohitajiwa.

Mkataba wa pili ni wa Burundi. Mwaka 1996 Mwalimu Julius Nyerere alianza kuzikutanisha pande za Burundi mjini Mwanza. Mwezi Julai mwaka huo Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu za jeshi, na viongozi wa nchi za kanda hii wakaiwekea Burundi vikwazo. Mazungumzo yalianza tena Arusha mwezi Juni 1998. Baadhi ya Warundi walilalamika kwamba Mwalimu alikuwa na upande, na kwamba Tanzania, iliyokuwa imewahifadhi wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, haikuwa na uwezo wa kuwa hakimu huru. Lalamiko hilo halikuwa la kipuuzi, nalo latupeleka kwenye kiini cha hoja yetu.

Vitabu vingi vya taaluma hii vilimtaka msuluhishi awe mtu asiye na upande. Maana yake ni nzuri: asipokee rushwa, asipendelee, asitafute faida yake. Lakini neno hilo likitafsiriwa kuwa msuluhishi awe mtu asiyeguswa na jambo lenyewe, tunapata kosa kubwa. Mwalimu hakuwa mtu asiyeguswa. Moto ukiwaka Burundi, Kigoma hupokea watu. Hata mwaka 2015 machafuko yalipozuka tena nchini humo, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuja kwetu. Kuguswa huko kuliweza kumfanya apendelee, na kwa hiyo alipaswa kuangaliwa na kukosolewa. Lakini huko huko kulimfanya asiweze kuliacha jambo njiani. Alilishughulikia mpaka kifo kilipomchukua tarehe 14 Oktoba 1999.

Aliyepokea kazi hiyo alikuwa Nelson Mandela, mtu kutoka mbali. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, na methali hii hutumika sana kuwasifu wapatanishi wa nje. Mandela alikuja na heshima ambayo jirani hakuwa nayo, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini. Hata hivyo makundi makubwa yenye silaha yalikuwa nje ya mkataba, na vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Kilichofuata ndicho tunachotaka kukisisitiza. Mwaka 2001 Afrika Kusini ilipeleka askari wake Burundi kuwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni ili washiriki katika serikali ya mpito. Yaani yule mgeni hakuishia kuleta busara yake. Taifa lake liliwaweka vijana wake mahali ambapo mkataba ukivunjika nao wangedhurika. Mgeni aligeuka mdhamini.

Basi jawabu letu ni hili. Haki ya kusuluhisha haitoki katika shahada, wala haitoki katika kukosa upande. Inatoka katika dhamana. Neno hili tunalijua sote. Anayemwekea mwenziwe dhamana mahakamani huahidi mali yake. Mwenziwe akitoroka, yeye hulipa. Mzee wa kijiji alikuwa mdhamini kwa namna hiyo. Aliposema, "Nendeni, mmepatana," jina lake lilibaki katika mapatano yale. Yakivunjika, angeaibika kisimani na kilabuni, na watoto wake wangekumbushwa. Mtani naye ni mdhamini, kwa kuwa msiba wa kesho utamrudisha katika nyumba ile ile. Walioandika kifungu cha 246 hawakuwa wadhamini wa mtu yeyote, ingawa elimu yao ilikuwa kubwa.

Mtu aweza kutupinga akisema kwamba mwenye la kupoteza atalivuta jambo upande wake, kwa maana mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Pingamizi hili ni la kweli, na hapo ndipo elimu inapopata kazi yake. Dhamana bila elimu yaweza kuwa kipofu. Ndiyo iliyowafanya wazee wenye nia njema kumnyamazisha mjane na kudhani wameleta amani. Elimu humfundisha msuluhishi kuitambua faida yake mwenyewe na kuitamka wazi mbele ya wote. Humfundisha kuuliza ni nani hayumo barazani. Humwonyesha makosa ya Versailles ili asiyarudie. Aidha humkumbusha kwamba utulivu uliojengwa juu ya dhuluma haustahili jina la amani. Taifa letu lilikwisha kulielewa hilo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963 hadi 1994, na katika Ilani ya Lusaka ya mwaka 1969 nchi zetu zilisema kwamba zingependelea mazungumzo kuliko mapigano, lakini hazingekubali kununua utulivu kwa kuwatupa wenzao waliokuwa wakitawaliwa. Reli ipitayo Makambako ni matunda ya fikra hiyo. Elimu na dhamana, kwa hiyo, hazishindani. Elimu ni macho, na dhamana ni miguu iliyosimama mahali.

Kutokana na hayo, kijana wa Makambako au wa mahali pengine popote anayekwenda kusomea amani ana wajibu wa namna tatu. Kwanza, ajifunze lugha na historia ya watu anaotaka kuwapatanisha kwa bidii ile ile anayojifunzia nadharia. Hawezi kuijua haja aliyoificha mtu ambaye matusi na mizaha yake haielewi. Pili, asifanye machozi ya watu kuwa mali yake. Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu, na mara nyingi huikusanya kutoka vinywani mwa wakimbizi, wajane na askari walioweka silaha chini. Watu hao humpa habari zenye uchungu, naye hupata shahada. Akimaliza akaenda zake asirudi hata kuwaeleza alichokiandika, amefanya katika uwanja wa maarifa kile ambacho wengine walikifanya katika uwanja wa mafuvu: amechukua na hakurudisha. Tatu, asitoe ahadi asiyoweza kuiketia. Ni afadhali kusema, "Nitakuwa nanyi mwaka mmoja tu," kuliko kutia saini amani ya milele na kupanda ndege kesho yake.

Walimu nao wana sehemu yao, kwa maana somo hili halina haja ya kungojea chuo kikuu. Darasa moja la sekondari mjini Makambako laweza kuwa na Wabena, Wahehe, Wakinga, Wangoni na wengineo. Mwalimu wa Historia anapofundisha Maji Maji aweza kuwauliza wanafunzi kwa nini Wabena hawakuwa upande mmoja mwaka 1905: wapo waliopigana chini ya mtawala wao Mbeyela, na wapo waliokuwa pamoja na wamisheni. Awape nusu ya darasa wawasemee hawa, na nusu wawasemee wale, kisha wabadilishane. Wasitafute nani alikuwa msaliti kabla hawajaeleza, kwa namna ambayo mhusika mwenyewe angeikubali, kila mmoja alikuwa akihofia nini. Mwanafunzi atakayeweza kufanya hivyo bila ya kuukana ukweli wa dhuluma ya ukoloni amekwisha kuanza masomo ya amani.

Siku moja msomi wetu atarudi akiwa na shahada yake, atashuka Makambako, na huenda usiku huo huo akaitwa nyumbani kwa majirani wawili wanaogombania mfereji. Hawatamwuliza alisoma wapi. Watataka kujua kama mwakani, maji yatakapopungua, atakuwapo. Akiwa na jibu la swali hilo, na aketi. Masomo yake yatamfaa sana. Asipokuwa nalo, awaachie wazee nafasi, akae pembeni asikilize, mpaka atakapokuwa tayari kuliweka jina lake dhamana.